Shati la Bwana Mifugo

Baba alitembea na fulana kutoka mkutanoni mpaka nyumbani, mvua ikimnyeshea mgongoni, na katika watu wote wale hakuna hata mmoja aliyemfunika mwavuli. Mimi nilikuwa na wangu. Nilimkimbilia nikamfunika, akausukuma kando kwa mkono bila kunitazama. Nikaufunga nikamfuata nyuma hivyo hivyo, maana ningeona haya kuwa mkavu peke yangu.

Nayasimulia haya kwa sababu mtaani yamesimuliwa vingine, na wanaosimulia vingine ni wale wale walioketi kimya asubuhi ile ya Jumapili.

Sisi ni madobi. Baba anaitwa Mzee Pasi na mimi naitwa Binti Pasi, na nadhani nusu ya majirani hawajui majina tuliyopewa tulipozaliwa. Miaka thelathini na nne baba amefua nguo za mtaa huu na hajapoteza hata soksi. Siri yake ni alama. Kila nyumba ina uzi wake, mishono midogo ndani ya kola au kwenye ukanda wa suruali. Nyumba ya Mama Pacha ni kijani, mishono mitatu. Nyumba ya Mwalimu ni bluu, miwili. Kwetu ni manjano, mmoja tu, na rangi hiyo baba hakuwahi kumpa mteja yeyote, hata siku alizoishiwa rangi akalazimika kuchanganya nyeusi na nyekundu.

Sasa mvua ilikuwa siku ya tisa. Masika kwa dobi ni maradhi. Kamba zetu zilikuwa zimetoka uani zikaingia sebuleni, zikapita chumbani kwa baba mpaka juu ya kitanda cha shangazi, na mgeni akija kwetu anainama chini ya suruali za majirani ndipo apate pa kukaa. Tulikausha kwa joto la jiko la mkaa, zamu kwa zamu, na bado wateja walikuja wakanusa, wakakunja pua, wakasema zina uvundo, utadhani mvua niliileta mimi.

Shangazi, dada mkubwa wa baba, ndiye mchambuzi wetu. Yeye hatazami nguo. Anapindua kola, anaona uzi, anatupa kwenye lundo lake, tena kwa kasi hata ukimwita jina haitiki. Lundo la manjano ni la baba, langu na lake mwenyewe. Jumapili hiyo alichomoa humo shati la mistari akampa baba aendee mkutano wa mtaro. Baba akavaa. Macho yake si ya zamani, na kwa uzi ule hakuwa na sababu ya kuuliza.

Shati halikuwa la baba. Lilikuwa la Bwana Mifugo, mtoto wa pekee wa Mwalimu, na aliyelitia uzi wa manjano ni mimi.

Basi acheni niseme na hilo. Bwana Mifugo ndiye anayetibu ng'ombe na mbuzi wa huku kwetu pembeni ya mji. Mara ya kwanza aliniletea koti jeupe limelowa damu ya ndama. Akaniuliza, "Hii inatoka?"

"Inatoka kwa maji baridi," nikamwambia. "Ukitia ya moto umeharibu."

Wiki iliyofuata akaja na koti lingine. Nililigeuza mbele na nyuma, sikuona hata vumbi.

"Hili halijavaliwa," nikasema.

"Limevaliwa dakika kumi."

"Na ng'ombe gani?"

Akacheka. Ana kicheko cha kukuinamia, kama mtu anayekuonyesha kitu alichokificha kiganjani, na tangu siku hiyo nikawa namfulia makoti masafi. Siku aliponiambia ananipenda nilikuwa na pasi mkononi, nikaunguza mkono wa shati la seremala, ukabaki na alama ya pembe tatu mpaka leo. Jioni hiyo hiyo nilifumua uzi wa bluu kwenye nguo zake zote nikatia manjano. Nilijua ni upuuzi. Wengine huandika jina la mpenzi wao nyuma ya daftari, mimi nina sindano.

Aliuona. Alipindua kola mbele yangu, akautazama, akasema, "Kwa hiyo mimi ni wa kwenu." Nikamjibu, "Ukitaka." Akasema anataka.

Mwaka mzima alitaka. Alitaka ila kwanza binamu yake aolewe. Binamu akaolewa. Halafu kwanza chanjo iishe. Ng'ombe wakachanjwa, wakachanjwa tena. Halafu kwanza masika yapite, kwa sababu mama yake ana presha na mvua inamzidishia. Nami nilikubali kila mara, kwa sababu alinitazama kwa yale macho yake nikayeyuka, na hilo nalo nalisema waziwazi, sitaki kujitoa lawamani.

Mama yake ni Mwalimu. Alistaafu zamani lakini hakuna anayethubutu kumwita jina lingine. Alinifundisha darasa la nne. Alifundisha nusu ya mtaa, na ndiyo maana mtaro ulipoziba na maji yakaanza kuingia vyumbani, watu walimfanya mwenyekiti bila kura. Mkutano ulifanyika kwenye chumba cha shule ya chekechea. Watu wazima, magoti yamefika kifuani juu ya viti vya watoto, na Mwalimu peke yake kwenye kiti cha kawaida mbele.

Baba alisimama kusema kwamba mtaro ukizibuliwa kwa juu tu utaziba tena. Hakumaliza.

"Mzee Pasi," Mwalimu akasema, "hebu sogea mbele."

Baba akasogea.

"Geuka."

Baba akageuka. Mzee wa miaka sitini na sita aligeuzwa mbele ya watu kama mtoto anayekaguliwa kucha.

"Hili shati ni la mwanangu," Mwalimu akasema. "Kifungo hicho cha tatu nimekishona mimi kwa mkono wangu, nimekitoa kwenye koti langu la zamani. Tazameni kilivyo kikubwa. Tumelitafuta wiki ya pili sasa."

Baba alijitazama tumboni, akakiona kifungo. Kisha akapindua kola kwa kidole, kwa desturi ya kazi, na kusema kwa upole kabisa, "Lakini lina alama yangu, Mwalimu."

Hapo ndipo aliposema lile neno. "Kumbe hamwibi tu. Mnabadilisha na alama."

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na wanawake wengine. Bwana Mifugo alikuwa safu ya pili, hatua tatu kutoka kwa baba. Nilifungua mdomo. Akageuka akaniona, akatikisa kichwa kidogo tu, macho yakinisihi nisiseme, kisha akayashusha kwenye mabuti yake ya mpira akabaki nayo huko huko.

Nami nikafunga mdomo. Nilimtii mwanamume huku baba yangu akiitwa mwizi. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote, na bado linaniuma.

Baba alifungua vifungo kimoja kimoja. Alilivua shati, akalitandika mezani kwa Mwalimu, akalikunja jinsi anavyokunja la mteja, mikono nyuma na kola juu, akalinyoosha kwa kiganja. Kisha akatoka mvuani.

* * *

Nyumbani alibadilisha fulana, akatia makaa kwenye pasi, akaanza kazi. Jumapili kwetu hakupigwi pasi. Shangazi alimtazama, akanitazama mimi, akajifanya anatafuta vibanio.

"Baba," nikasema.

"Leta mashuka ya Mama Pacha."

"Baba, kuna jambo."

"Mashuka kwanza."

Nikaenda jikoni kuyatafuta, na huko ndiko nilikosikia mlango wa nyuma unagongwa kwa kucha. Sikuhitaji kuuliza. Mwaka mzima ule mlango uligongwa vile.

Bwana Mifugo aliingia akiwa amelowa, mabuti yake yakilia kwenye sakafu. Jiko letu lilikuwa limejaa mashuka yaliyotundikwa, ikabidi tusimame karibu kuliko nilivyotaka. Maji yalimtiririka kwenye kope. Siku nyingine yoyote ningechukua taulo.

"Nimekuja kukuomba radhi," akasema kwa kunong'ona.

"Mbona unanong'ona?"

"Mzee asisikie."

"Mzee ndiye unayepaswa kumwomba radhi, na hutaki asikie."

"Nitamwomba. Nataka kwanza mimi na wewe tuelewane."

"Tulielewana wapi? Pale ulipotikisa kichwa?"

"Nilichanganyikiwa. Mama alinishtua. Ningesema pale, mbele ya watu wote, angeanguka."

"Mama yako hakuanguka alipomgeuza baba yangu kama mbuzi wa mnadani. Alikuwa na nguvu zake zote."

"Unajua ana presha."

"Najua. Najua presha yake kuliko daktari wake. Presha yake imeniambia nisubiri harusi, imeniambia nisubiri chanjo, imeniambia nisubiri masika. Wewe je, wewe una nini? Maana mtu anayetia mkono mzima ndani ya ng'ombe anayezaa haogopi vitu vidogo."

Wakati mwingine angecheka. Alinyoosha mkono akanishika kiganja. Chake kilikuwa baridi. Nilitaka kukishika na nikakiacha kianguke.

"Nipe wiki moja," akasema. "Mvua ipungue. Nitamkalisha Mama taratibu, nitamweleza, naye mwenyewe atakuja kumwambia Mzee kwamba palikuwa na kosa la kufua. Watu watasahau."

"Kosa la kufua?"

"Ni namna ya kusema tu."

"Baba yangu hajafanya kosa la kufua tangu kabla hujazaliwa." Sasa mimi sikunong'ona. "Unataka kumwondolea wizi umpe uzembe? Baada ya wiki nzima? Unajua wiki ni nini kwa dobi aliyeitwa mwizi? Kesho asubuhi hakuna atakayeleta hata leso."

"Tafadhali, sauti."

"Usiniambie sauti nyumbani kwetu."

Alinitazama, na katika macho yale niliyoyapenda niliona kitu ambacho sikuwahi kukikubali, ingawa kilikuwepo siku zote. Alikuwa mtu mwema anayengoja. Angengoja mpaka sisi sote tuzeeke, na kila siku angenipenda kweli.

"Nakupenda," akasema.

"Najua. Ila hapa jikoni tu."

Hatukufika mbali zaidi, kwa sababu sauti ya Mwalimu ilisikika barazani kwa mbele. Hakupiga hodi. Aliita, "Mzee Pasi," kama anayeita jina kwenye daftari la mahudhurio.

Bwana Mifugo akarudi nyuma hatua moja, halafu ya pili, akaingia nyuma ya shuka la Mama Pacha. Naapa sizidishi chumvi. Mwanamume mzima, urefu wake karibu wa mlango, na mabuti yanaonekana chini.

"Toka," nikamwambia.

Shuka halikujibu.

"Bwana Mifugo, toka."

Shuka likasema, polepole, "Ngoja aondoke."

Sijui kama nimewahi kumkasirikia mtu hivyo. Ningeweza kulivuta lile shuka. Nilishindwa kwa sababu moja tu. Nilijua nikimtoa mimi, hatakuwa ametoka.

* * *

Barazani walikuwa watano, wamekunja miavuli, maji yakitiririka kwenye miguu yao. Mbele ni Mwalimu, shati la mistari limekunjwa kwapani vile vile baba alivyolikunja. Nyuma yake Mama Pacha, seremala na wengine wawili. Baba alikuwa amesimama mlangoni kwa ndani, pasi bado mkononi. Shangazi alikuwa nyuma yake, mikono kiunoni.

"Hatukuja kugombana," Mwalimu alikuwa akisema. "Tumekuja kuchukua nguo zetu. Na kabla hatujaondoka, tungependa mafurushi yafunguliwe, moja moja, kila mtu aone vyake na visivyo vyake. Ni haki yetu."

"Fungueni," baba akasema.

"Hawafungui kitu," nikasema mimi, na nikapita chini ya mkono wa baba mpaka barazani. "Mwalimu, shikamoo. Uzi wa manjano nimeutia mimi."

Alinitazama juu mpaka chini. "Marahaba. Basi mwizi ni wewe."

"Ningekuwa mwizi ningeliuza shati. Mimi nilifumua bluu yenu nikatia alama ya kwetu kwenye nguo zote za mwanao. Mashati saba, makoti manne, ovaroli mbili. Kila wiki nazifua nazirudisha kwako, na kila wiki unazipokea mwenyewe mlangoni. Hili lilichelewa kwa sababu ya mvua, likachanganyika, Shangazi akampa Baba kwa sababu ya uzi. Baba hakujua lolote. Hakujua mpaka sasa hivi ninaposema."

Nilisikia pasi ikiwekwa chini nyuma yangu. Sikuthubutu kugeuka.

"Na kwa nini," Mwalimu akauliza, taratibu, "utie alama ya kwenu kwenye nguo za mwanangu?"

"Kwa sababu mwanao ameniambia mwaka mzima kwamba ni wa kwetu."

Mama Pacha akasema "He," akajifunika mdomo kwa mtandio.

Mwalimu hakupandisha sauti. Ingekuwa nafuu. "Wewe ni mwongo, tena mwongo mwenye ubunifu. Mwanangu hana jambo asiloniambia. Kama angekuwa na lolote na wewe, na sioni litokee wapi, angekuja kwangu, angeketi mbele yangu, angesema."

Nami nilijua ndivyo ilivyopaswa kuwa. Nilisimama pale mbele ya watu watano, nimejivua nguo mwenyewe, na mtu wa kunifunika alikuwa nyuma ya shuka. Nilihesabu pumzi zangu. Nilisema moyoni, nikifika kumi na asipotoka, naingia ndani, nafumua manjano yote, na sitalia mpaka nimalize.

Nilifika saba. Mabuti yakalia sakafuni sebuleni. Alikuja akiinama chini ya suruali, moja, mbili, akamkuta baba mlangoni akashindwa kupita. Baba hakumpisha. Ikabidi aseme pale pale alipo, juu ya bega la baba.

"Ni kweli, Mama."

Mwalimu akauliza, "Ulikuwa wapi?"

"Jikoni."

"Ulisikia yote?"

"Nilisikia. Na asubuhi niliona yote. Shati nililiacha mwenyewe kwa huyu, kama ninavyoacha nguo zangu zote. Uzi nauona tangu mwaka jana na niliufurahia. Nampenda, Mama. Mzee hajaiba kitu. Mimi ndiye niliyeona mtu akiitwa mwizi kwa ajili yangu nikanyamaza."

Mwalimu aliketi kwenye benchi letu la wateja, kwenye sehemu iliyolowa, asijali. Hakuanguka. Ile presha tuliyoichunga mwaka mzima ilikaa pale benchini, macho makavu, inamtazama mwanawe tu.

"Na dobi," akasema hatimaye. "Katika wasichana wote niliowafundisha."

"Ndiyo, Mama."

"Basi tutazungumza nyumbani. Mzee Pasi, kwa hili la shati, nimeteleza." Alisema hivyo akitazama mvua. "Na kwa hili lingine, sidhani kama mimi na wewe tutakuwa na furaha, lakini inaelekea vijana wameamua."

"Mimi sijaamua," baba akasema.

Kila mtu akamgeukia. Hata mimi.

"Binti yangu simtoi kwa huyu," baba akasema. Hakukasirika, au kama alikasirika ilikuwa chini sana, mahali ambapo mimi sijawahi kufika. "Nilikuwa nimesimama mbele, yeye safu ya pili. Alijua. Nilipovua shati niliona mabuti yake, hayakusogea. Mimi ni mtu mzima, naweza kutembea na fulana. Lakini siku nikifa, huyu hapa," akanigusa kichwa, "atasimama mbele ya watu peke yake, na huyo ataketi safu ya pili."

Mwalimu alisimama. Ungeliona uso wake ungedhani ametukanwa yeye. "Unamkataa mwanangu?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Wewe? Mwanangu ana kasoro gani? Hanywi, havuti, wilaya nzima inamwita, watu wanatembea mwendo wa saa tatu kumfuata. Usiku wa mvua anatoka kwenda kuzalisha ng'ombe wa watu wasioweza kumpa hata ahsante. Msichana huyu angempata wapi mwingine?" Kisha akanigeukia mimi, kwa hasira ile ile. "Na wewe umesimama tu? Hujasema unampenda?"

"Nampenda," nikasema. "Lakini Baba amesema, na mimi nasema vile vile."

Lilinitoka kavukavu, na moyo wangu ukafanya kama unaokamuliwa. Bwana Mifugo alinitazama. Safari hii hakunisihi kwa macho. Alinitazama kama mtu anayesoma kitu kirefu na anataka kukielewa chote.

"Nifanye nini, Mzee?" akauliza.

"Mkutanoni palikuwa na watu wa nyumba arobaini," baba akasema. "Hapa barazani wako watano. Mimi sina la kuongeza."

Akampisha mlangoni.

Bwana Mifugo alipita katikati yetu, akashuka ngazi, akaingia mvuani bila hata kuinua kola. Tulidhani anakwenda kwao. Alivuka njia, maji ya mtaro yakimfika kwenye vifundo, akasimama mlango wa kwanza upande wa pili akapiga hodi. Mtu akafungua. Tulimsikia vizuri, njia yetu ni nyembamba.

"Samahani kwa kuwasumbua," akasema. "Nimekuja kusema Mzee Pasi hakuiba lile shati. Lilikuwa langu na lilitiwa alama ya kwao kimakosa."

Damu ikanichemka upya. Nilishuka mpaka ngazi ya mwisho.

"Haikuwa kimakosa," nikasema, kwa sauti ya kumfikia.

Akageuka. Mwenye mlango alikuwa akitutazama mimi na yeye, mimi na yeye. Alijipangusa maji usoni, akamgeukia tena.

"Haikuwa kimakosa," akasema. "Nampenda binti yake tangu mwaka jana. Yeye alitia alama, mimi nilijua. Asubuhi niliogopa mama yangu nikaacha Mzee aaibike. Hilo ndilo nililokuja kusema."

Akainama kidogo, akaenda mlango wa pili. Huko alianza vibaya, akarudia. Mlango wa tatu mtoto alifungua, ikabidi angoje wakubwa, nao walipokuja akaanza upya tangu mwanzo. Sikumhurumia. Nataka lieleweke hilo, sikumhurumia hata kidogo, ingawa shati lake lilikuwa limegandana na mgongo na mimi ninajua jinsi anavyopata mafua haraka.

Alipofika mlango wa tano, Mwalimu alichukua mwavuli wake. Alimpa shangazi lile shati la mistari mkononi, akashuka. Nilijua anakwenda kumrudisha nyumbani kwa sikio. Mama Pacha naye alijua hivyo, akasogea apate kuona. Mwalimu alivuka njia, sketi ameishika kwa mkono mmoja, akamfikia mwanawe kwenye mlango wa sita. Akafungua mwavuli juu ya kichwa chake. Kwanza alisikiliza, ameinamisha kichwa upande. Kisha tukamsikia.

"Sauti haifiki," akamwambia. "Na usitazame viatu. Rudia."

Akarudia. Kwenye mlango wa saba alimwacha mwanawe amalize, halafu akasema la kwake, fupi, sikulipata lote kwa sababu ya mvua, ila neno "nilimsingizia" nililipata.

Seremala na wenzake waliondoka mmoja mmoja, bila mafurushi yao. Niliporudi ndani, baba alikuwa ameshika pasi tena, anageuza shuka la Mama Pacha upande wa pili. Sikujua nianzie wapi kumwomba radhi. Nilisimama mbele ya meza, yakaja machozi niliyoyazuia tangu asubuhi.

"Baba, nilikuona pale nikanyamaza. Na mimi pia."

"Nilikuona," akasema. Alipitisha pasi mpaka mwisho wa shuka ndipo akaendelea. "Wewe tutazungumza baadaye. Yuko wa ngapi?"

Nikachungulia. "Wa nane, Baba."

"Kaa hapo dirishani," akasema. "Asiruke hata mmoja."